Kwa Zeferino, Aliyekesha Porto Santo

Saa tisa na dakika nne mchana
ndege yako ilikuwa juu ya Machico,
na mimi kwenye kiti changu chenye gurudumu bovu,
kahawa imeota utando kikombeni,
natazama upepo.

Watu hudhani upepo hautazamiki.
Mama aliusoma kwa migomba ya Gaula:
majani yakichanika upande wa mlimani
aliingiza ndani vitambaa vyake vya darizi,
hata kama jua linawaka.
Mimi nina leza. Inatupa mwali hewani,
mwali unagonga vumbi, chumvi, vitu visivyo na jina,
unarudi kuninong'oneza: hiki kinakuja, hiki kinakwenda.
Kinachokuja nakiona kijani. Kinachokwenda, chekundu.

Siku ya amani rangi hizi hukaa mbalimbali
kama wakwe.
Siku ile zililaliana.
Upepo ulipanda mgongo wa kisiwa, ukajikwaa vileleni,
ukaanguka vipande vipande juu ya nguzo
zilizobeba njia yetu ya ndege juu ya maji.
Kijani; na hata kilomita mbili hazijatimia, nyekundu.

Nikueleze, maana hukuniuliza.
Rubani anashuka, mbisho unampiga usoni,
ndege inainuka kidogo, anapunguza nguvu,
anadhani amepewa zawadi.
Kisha mkono uleule uliomshikilia unaachia,
unazunguka, unamsukuma mgongoni,
na mabawa yanakosa cha kuegemea.
Ardhi haimngoji mtu ajirekebishe.

Niliijua namba ya safari. Uliniandikia kutoka Jersey:
Nafika saa tisa, msimfukie Baba kabla sijamwona.
Padre Anselmo alikubali kusubiri hadi saa kumi na moja,
si zaidi, ana ubatizo.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Nisikufiche: kilikaa pale.
Nilisoma tena tarakimu, fundo ishirini na nane za kupoteza,
nikatafuta kosa la mashine, nikaomba liwepo.
Halikuwepo.

Nikabonyeza.
Mnarani, Dulce akasoma kwa sauti yake ya kusomea bei ya samaki:
tahadhari, mkato wa upepo, maili moja kabla ya kutua.
Nilisikia injini zako kabla sijaziona zikipanda.
Tumbo jeupe likapita juu ya dirisha langu,
magurudumu yakijikunja kama kucha za paka.
Nikakutafuta madirishani. Ujinga.

Saa kumi na moja na robo tulimfukia.
Nilishika koleo kwa zamu yangu, na kwa yako.
Upepo ulikuwa umetulia kabisa;
mshumaa wa Mama haukutikisika hata mara moja.
Shangazi Benvinda aliutazama mshumaa,
akanitazama mimi.

Kesho yake ukaja kwa meli,
viatu vya mazishi ndani ya mfuko wa plastiki.
Hukusema kitu hadi tulipolipita soko.
Kisha: "Jana hakuna ndege iliyoanguka."
"Hakuna," nikasema.
"Sasa utajuaje?"

Kawia ufike, husema watu,
lakini hawasemi ufike wapi.

Sijui, Zeferino.
Kazi yangu ina ushahidi wa aina hii tu:
abiria mia na arobaini na mmoja wamekasirika,
wanadai chakula, wanadai hoteli,
mmoja ameapa kwa jina la mamake kwamba atatushtaki;
na wewe, kwenye kiti cha mbele cha gari langu,
unapumua, umenuna,
mkanda umeuacha unaning'inia.

Ufunge.